Kompyuta Itutajie na Sababu

Ndugu wasikilizaji, juma hili nawaomba twende Mbulu na Hanang, nikawaeleze jinsi kompyuta inavyoweza kujibu jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika ndani yake.

Tuseme ghala la kumbukumbu, ambalo wataalamu huliita kanzidata, lina mstari huu: "Maporomoko ya tope, Gendabi, 3 Desemba 2023." Ndiyo yale ya tope, mawe na magogo yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Neno Manyara halimo. Hata hivyo, ukiuliza Mkoa wa Manyara umepata maafa gani, kompyuta itayataja. Imejuaje?

Pamoja na kumbukumbu, imepewa kanuni za mantiki ziitwazo ontolojia. Gendabi imo wilayani Hanang. Hanang, kama Mbulu, imo mkoani Manyara. Kilichotokea wilayani kimetokea mkoani. Maporomoko ni maafa. Inaziunga kama tunavyohesabu ukoo: baba wa baba yako ni babu yako, hata kama hakuna aliyekwambia.

Lakini kanuni moja ikipinda, jibu zima hupinda. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kanuni isiyo na tarehe itazichukua hata kumbukumbu za 1990 za Mbulu na Hanang na kuzihesabu Manyara. Ukiuliza habari za Arusha ya mwaka huo, wilaya mbili nzima zitakosekana, na karatasi itatoka imechapwa vizuri kabisa.

Tena, katika mantiki hii, jambo lisiloandikwa halimaanishi "hapana". Maana yake ni "sijui". Basi fikirini mama ambaye nyumba yake imefukiwa na tope, karani akasahau kuandika kijiji chake. Jina halitoki. Anaambiwa, "Mama, kompyuta imekukataa." Si kweli. Kompyuta haikumkataa, haikupewa hatua moja ya kumfikia.

Dawa ipo. Programu za namna hii zinaweza kutengenezwa zionyeshe njia: jibu limetokana na kumbukumbu zipi na kanuni zipi. Maoni yangu ni kwamba ofisi inayogawa haki za watu kwa kompyuta imkabidhi mwananchi jibu pamoja na njia hiyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Jibu lisilo na sababu, ndugu zangu, mtu atalikatia rufaa kwa lipi?