Losheni haipunguzi makali: mkorogo unavyopenya ngozi

Hapa Mpanda, kama miji mingine nchini, mkorogo unajulikana. Mtu ananunua losheni, anaminyia humo tyubu za krimu ya klobetasoli, dawa kali ya magonjwa ya ngozi, anakoroga, anajipaka mwili mzima ili awe mweupe. Wengi huamini losheni imeshapunguza makali. Hebu tuone.

Tabaka la juu la ngozi yako ni kama ukuta wa matofali ya kuchoma: seli zilizokufa ndiyo matofali, na mafuta ndiyo udongo unaoyashika. Unene wake ni takriban maikromita 10 hadi 20 tu, lakini maji hayapiti kirahisi. Kinachopita ni molekuli ndogo inayopenda mafuta. Klobetasoli ndiyo hiyo hasa.

Sasa, krimu ni emalsheni, yaani matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, kama maziwa. Kuna kiungo kinachoyazuia yasijitenge. Ukishajipaka, maji yanakauka, mafuta yanabaki yamegusana na ngozi, na dawa inahama kutoka mafuta ya krimu kwenda mafuta ya ngozi. Yaani krimu ni gari, dawa ni abiria. Losheni nayo ni emalsheni. Kwa hiyo ukiiongeza, hujamzuia abiria. Umempa gari la kumsambaza mwili mzima.

Tupige hesabu. Klobetasoli ya asilimia 0.05 haitakiwi kuzidi gramu 50 kwa wiki, wala wiki mbili mfululizo. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama gramu 20 kupakwa wote. Asubuhi na jioni, kwa wiki ni gramu 280. Tuseme robo tu ya mkorogo ni krimu ya dawa: hizo ni gramu 70. Tayari umepita kikomo, na watu hupaka kwa miezi!

Dawa ikizidi, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na vidonda vinachelewa kupona. Ikiingia kwenye damu kwa wingi, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza kotisoli, homoni inayokusaidia mwili ukiugua au ukiumia.

Ndiyo maana kama umetumia muda mrefu, usiache ghafla kimyakimya. Nenda kituo cha afya na tyubu yako mkononi, mwambie daktari ukweli, akupangie namna ya kuacha.