Globu za wati 100 zilivyonitoa jasho njia ya Moro

Leo naomba tuongee taa za magari kidogo, maana nawaona vijana wengi hapa mjini, kitu cha kwanza wakikabidhiwa gari, liwe lao au la mjomba, ni kukimbilia Gerezani kutafuta "taa kali". Siwasuti jamani, mimi mwenyewe nilikuwa humo humo.

Gari lenyewe Corolla ya zamani, kaka yangu kaniachia. Taa zilikuwa hafifu, ukishaipita Chalinze usiku unaendesha kwa kukisia. Nikanunua globu za H4 za wati 100 kwa 90, badala ya zile za kawaida za 60 kwa 55. Muuzaji akaniambia, "Braza, ukiwasha hizi ni mchana." Kweli hakudanganya. Siku mbili nilijiona mfalme wa barabara. Ya tatu, nakaribia Mikese, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Taa zikacheza kidogo, halafu zikazima zote mbili. Na mbele yangu, sekunde chache kabla ya giza, nilikuwa nimemwona jamaa wa baiskeli na magunia ya mkaa. Nilikwepa nikikumbuka tu pale alipokuwa. Nikasimama pembeni, naye akanipita taratibu na kunisalimia kama hakuna kilichotokea!

Fundi umeme alipofungua akakuta soketi imeyeyuka na swichi ya taa imeungua ndani. Hesabu yake ni ya darasa la shule: gawa wati kwa volti. Globu ya wati 60 kwenye volti 12 inakula ampea 5, mbili ni 10. Za wati 100 mbili zinakula karibu ampea 17. Waya, soketi na swichi ni vile vile vya kiwandani, havikutengenezwa kwa mzigo huo. Kibaya zaidi, fyuzi ikikatika mtu anaweka kubwa zaidi. Hapo sasa unachotafuta ni moto.

Lakini kilichonishangaza ni hiki. Fundi akapima umeme gari likiunguruma: kwenye betri volti 13.8, kwenye soketi ya taa hazifiki hata 12. Zingine zinapotelea njiani, kwenye waya zilizochoka na "ethi" yenye kutu. Na mwanga wa globu hushuka haraka kuliko volti. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Kwa hiyo taa zangu hazikuwa na shida ya globu hata kidogo! Akasugua ethi, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka rilei mbili na fyuzi yake, tukarudisha globu za 60 kwa 55. Tukapiga na polishi vioo vilivyokuwa na unjano. Nawaambia ukweli, naona vizuri kuliko zamani. (Hizo globu zenye rangi ya bluu achaneni nazo, rangi ile inakula mwanga.)

Sasa kuna hizi zenoni zinazoandikwa HID, na za LED. Mtu atasema hazili umeme mwingi, wati 35 tu, kwa hiyo waya ziko salama. Sawa, lakini tatizo lao ni jingine. Ndani ya globu ya H4, chini ya waya mdogo wa dimu, kuna kikombe cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo cha ndani, kwa sababu ule ukifika huko unarushwa juu, machoni kwa dereva anayekuja. Ukichomeka kitu chenye umbo tofauti mahali pale, mwanga unatoka pasipostahili. Wewe unaona kweupe mbele ya boneti unafurahi, mwenzako wa basi lenye abiria 60 haoni kitu.

Magari yanayotoka kiwandani na zenoni yana taa zilizoundwa kwa ajili yake. Kwa viwango vya Ulaya, yakizidi lumeni 2,000 yanatakiwa yawe na kifaa cha kujishusha chenyewe mzigo ukiongezeka nyuma, na cha kuosha taa. Uingereza tangu 2021 gari lililobadilishwa kutoka halojeni kwenda HID linafeli ukaguzi. Ujerumani waliruhusu globu za LED za kubadilishia mwaka 2020 tu, na ni kwa aina fulani za magari zilizopimwa. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari liwe katika hali salama, na trafiki akikusimamisha kwa taa zinazopofusha usimwambie eti ulinunua dukani kihalali.

Jipimeni wenyewe. Simamisha gari sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, weka dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya usawa wa katikati ya taa kwa kama sentimita 10 hadi 15, na upande wa kushoto ndio upande juu kidogo. Magari ya Japani yako sawa kwa hilo, wao nao wanaendesha kushoto. Lenye usukani wa kushoto, lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, linapandisha upande wa kulia, yaani moja kwa moja kwa mwenzako. Hilo badilisha taa nzima.

Zile za wati 100 bado ziko kabatini. Juzi dogo mmoja wa mtaani kaja anazitaka, ana Vitz ya dada yake. Nimemwambia kwanza alete gari tuangalie ethi.