Mapatano ya Mali Katika Ndoa

Leo tutazame mapatano ya mali baina ya mume na mke.

Mfikirieni bibi mmoja wa Kwamsisi. Anaolewa akiwa na shamba lake la mahindi na mbuzi sita. Je, sasa ni mali ya mume? Hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, yasema kwamba ndoa haibadili mwenye mali, ila wenyewe wakipatana vingine. Waweza kupatana kabla ya arusi, au hata baadaye.

Na mali waliyoichuma pamoja? Wakitalikiana, korti huigawa kwa kutazama jasho la kila mmoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango wake.

Basi andikeni: shamba hili la nani, mbuzi hawa wa nani. Tieni sahihi nyote wawili mbele ya mashahidi. Lakini usitie dole gumba katika karatasi usiyoweza kuisoma. Jifunze kwanza, uisome mwenyewe, ndipo utie sahihi.