Kapasita Inayolinda Spika

Wengi wenu mnaikumbuka spika ya darasa la chini iliyonuka kama mpira unaoungua. Kosa lilikuwa langu. Kapasita moja ya amplifaya ilikuwa imevimba kichwa, nami kwa haraka ya kuwahi kipindi niliitoa, nikaunga kipande cha waya mahali pake. Sauti ilitoka kwa muda ikikwaruza, kisha moshi. Tangu siku ile mnaniuliza: kile kidude cha ukubwa wa kidole kilikuwa kinazuia nini?

Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, nao huitwa mkondo mnyoofu. Sauti ikiwa ndani ya waya ni mkondo geu: huenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Spika hutaka huu wa pili peke yake. Ukienda, karatasi ya spika husukumwa; ukirudi, huvutwa; hewa hutikisika nasi tukasikia.

Sasa, amplifaya yetu hutumia volti 12, na haiwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo sauti huketishwa katikati, kwenye volti 6, ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Hizo volti 6 si sauti. Ni kama stuli aliyosimama juu yake mtu unayempima urefu. Usipoiondoa, kipimo ni cha uongo.

Spika ya omu 8 ikipewa volti 6 hupitisha ampea 0.75, yaani wati 4.5 za joto tupu, hata kama hakuna anayesema. Yetu ilikuwa ya wati 3. Hesabu ni hiyo.

Kapasita ni sahani mbili za metali zisizogusana. Mkondo mnyoofu huzijaza hadi volti 6, kisha husimama. (Ule mlio wa "pu" unaousikia ukiwasha ndio kujaa kwenyewe.) Mkondo geu haukai mahali pamoja, basi kila ukibadilika upande mmoja, upande wa pili nao hutikisika, safari hii ukizunguka sifuri.

Ukubwa wake nao una maana. Zidisha 2 kwa 3.14, kwa omu, kwa faradi, kisha gawa 1 kwa jibu hilo; utapata mitetemo ambayo chini yake sauti huanza kufifia. Maikrofaradi 1000 kwa omu 8 hutoa karibu 20 kwa sekunde, mwisho wa sikio la mtu. Ukiweka 100 utapata karibu 200, na mwalimu mwenye sauti nene atasikika kama yumo ndani ya kopo.

Upande wa chanya uelekee amplifaya, kwenye zile volti 6. Ukiigeuza hupata joto na yaweza kupasuka. Chagua iliyoandikwa volti 16 au 25.

Kabla ya kuunga spika, weka mahali pake rezista ya omu 1000, washa, subiri sekunde kumi, kisha pima kwa mita. Kabla ya kapasita isome 6. Baada yake karibu sifuri. Ikisoma zaidi, kapasita inavuja, tafuta nyingine. Siku ile mita yangu ilikuwa kabatini, hatua nne tu kutoka nilipokaa.