Na Mbuzi Wake Je?

Mwanamke wa Likoni anayepigwa na mumewe hushauriwa akimbie. Aghalabu mshauri haulizi mbuzi wake atabaki na nani. Yamkini mbuzi huyo ndiye tegemeo la karo ya mtoto, na mume anajua: akitaka mke arudi, atatishia kumchinja.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inahesabu uharibifu wa mali na dhuluma za kiuchumi kuwa ukatili. Nchini Marekani, sheria ya 2018 iliidhinisha ruzuku kwa makao yanayowapokea waathiriwa pamoja na wanyama wao. Huko hutajwa zaidi mbwa na paka. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kufuga, kwa paka na kwa mbuzi, nami naona hapo lugha imetutangulia.

Makao ya siri hayawezi kuwa na zizi, nakubali. Mlio wa mbuzi hufichua. Lakini yaweza kuwa na mtunzaji Kisauni au Changamwe, anayepokea mfugo kwa maandishi, mbele ya shahidi asiye jamaa wa mume. Nanyi walimu, mwanafunzi akiwaeleza vipigo vya nyumbani, muulizeni pia wanafuga nini.