Masika Yanapoingia: Kuchagua Raba za Kukimbilia Lami na Udongo

Mwezi wa Machi unapoingia mjini Kampala, vumbi jekundu lililolala juu ya majani ya migomba tangu Desemba huoshwa kwa siku chache tu. Mvua za masika huanza, nazo huendelea hadi Mei. Katika nchi za Ulaya huo ndio wakati theluji inapoyeyuka, na watu waliojifungia ndani wakati wa baridi hutoka nje kununua raba mpya. Kampala mambo huenda kinyume. Ardhi iliyokuwa kavu na imara hugeuka utelezi, mitaro hufurika, na mtu aliyekimbia bila wasiwasi mwezi wa Januari hujikuta akitafuta pa kushika katika mteremko wa Muyenga au Naguru. Kwa hiyo masika ndiyo majira ya kuvitazama viatu upya. Kwa bahati mbaya ndiyo pia majira ambayo mfuko wa nyumba umekauka, maana muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa Februari, na karo ikishalipwa hubaki kidogo. Baba au mama anayetaka kununua raba za mbio wakati huo hana nafasi ya kukosea. Jozi isiyofaa si hasara ya fedha peke yake. Yaweza kumwachia mtu maumivu ya goti au ya kisigino kwa miezi.

Kabla ya kuuliza bei, yafaa mkimbiaji aikumbuke njia anayoipita. Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na ni nadra mtu kukimbia kilomita nane juu ya ardhi ya namna moja. Anayetoka nyumbani Makindye au Ntinda aghalabu huanza kwenye njia ya changarawe nyekundu, hukuta lami baada ya dakika chache, hukimbia kandokando ambako ukingo wa lami umemeguka, huipisha bodaboda kwa kuruka mtaro, kisha huteremka bondeni kwa kijia cha udongo kabla ya kupanda tena. Hayo yote katika asubuhi moja, na kwa jozi moja ya viatu.

Wauzaji, hata hivyo, huzigawa raba za mbio katika makundi mawili. Ziko za barabarani, zenye soli iliyo karibu kuwa bapa, nyepesi na laini. Hizo hupendeza juu ya lami, lakini juu ya udongo mwekundu uliolowa hazina meno ya kushikia. Ziko pia za njia za porini, ambazo soli yake ina meno ya milimita nne hadi sita au zaidi, mpira mgumu, na kinga mbele ya vidole dhidi ya mawe na visiki. Hizo hushika udongo vizuri, ila juu ya lami meno yake hulika upesi, na mkimbiaji huhisi kana kwamba anakanyaga kokoto. Baina ya makundi hayo mawili kuna raba za kati, zenye meno mafupi ya milimita tatu hivi, yaliyotawanyika ili tope lidondoke lenyewe badala ya kuganda. Kwa wakazi wengi wa Kampala hizo za kati ndizo zifaazo. Anayekimbia juu ya lami tupu hana haja nazo, na anayekwenda kila juma katika msitu wa Mabira, yapata kilomita 50 mashariki ya mji, atanufaika zaidi na zile za porini. Lakini kununua jozi mbili kwa mpigo, moja ya lami na moja ya udongo, ni ushauri wa watu wasiolipa karo.

Kuna namna moja zaidi ambayo muuzaji huisifu sana wakati wa mvua, nayo ni raba iliyotiwa utando wa kuzuia maji. Mnunuzi na asishawishike haraka. Mvua ya Kampala haiingii kiatuni kwa kupenya kitambaa tu. Humwagika kutoka juu, kwenye kifundo cha mguu, na utando ule ule unaozuia maji yasiingie huyazuia yasitoke. Kitambaa chepesi chenye matundu hulowa upesi na kukauka upesi, na katika joto la huku hilo ni bora zaidi.

Walio wengi hawanunui dukani bali sokoni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mavazi na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, lakini katika soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo watu wote huliita Owino, karibu na uwanja wa Nakivubo, raba za mitumba zingali zimepangwa safu kwa safu, zimeoshwa kwa brashi na kutiwa kamba mpya. Hakuna aibu kununua hapo. Hatari ni kwamba kinachooshwa ni sehemu ya juu tu, nao uhai wa kiatu cha mbio haumo juu. Umo katika tabaka la sponji lililo kati ya mguu na mpira wa soli. Mtu akimbiapo, kila hatua huutwisha mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 140 hadi 210. Sponji hupokea sehemu ya kishindo hicho, na baada ya kilomita 500 hadi 800 huchoka, hata kama kitambaa cha juu kingali safi kama kipya.

Basi mnunuzi wa Owino na achukue muda wake. Akibonyeze kiatu kwa gumba ubavuni mwa sponji: kilicho hai hubonyea na kurudi, kilichokufa huwa kigumu kama ubao au hubaki na mikunjo myembamba isiyonyooka. Akiweke juu ya meza iliyo bapa na kukitazama kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na namna yake ya kukanyaga, na mwenyewe wa pili atalazimishwa kuifuata. Akitoe kitambaa cha ndani na kuangalia alama ya vidole vya yule wa zamani, kwani shimo la kina la kidole gumba ni ushahidi wa safari ndefu. Akipinde: kiatu kizuri hupindika penye mzizi wa vidole, si katikati ya unyayo. Mwisho avute ncha ya soli kwa kucha aone kama gundi imeanza kuachia.

Wengi hudanganyika kwa kiatu ambacho hakikuvaliwa kamwe. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa sponji ya poliyurethani, ambayo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa kabatini. Kiatu cha namna hiyo kilichokaa miaka mingi huonekana kipya kabisa, halafu siku ya tatu soli yake humeguka kama mkate mkavu, tena katikati ya njia. Kupinda kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji, na kutazama kama kuna unga au nyufa, huepusha kisa hicho. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Ama kuhusu kipimo, wakati mzuri wa kupima ni jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima, na katika mbio huvimba vile vile. Mtu asimame juu ya karatasi, achorewe mguu kwa penseli, kisha apime kutoka kisiginoni hadi ncha ya kidole kirefu, kwa miguu yote miwili. Aghalabu mmoja huzidi mwingine, na kiatu hununuliwa kwa kuufuata ulio mrefu. Raba nyingi zina kibandiko chenye namba za Uingereza, Marekani na Ulaya, ambazo humchanganya mnunuzi, lakini mara nyingi kando yake huwa na urefu kwa sentimita, na huo ndio wa kuangalia. Mbele ya vidole pabaki nafasi ya upana wa gumba. Kisigino kishikwe barabara, kisipande na kushuka. Nafasi hiyo ya mbele ina maana zaidi Kampala kuliko katika mji ulio tambarare, kwani katika kuteremka mguu husukumwa mbele, vidole hugonga, na kucha hugeuka nyeusi. Kama duka lina ngazi, mnunuzi na azishuke mara mbili akiwa amevaa soksi zile zile anazokimbilia.

Abebe Bikila wa Ethiopia alipofika Roma mwaka 1960, viatu vipya havikumkaa vizuri, akaamua kukimbia peku na kushinda mbio ndefu za Olimpiki. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hiyo akiwa na viatu. Wanaokisimulia kisa hicho kwa kusifu miguu mitupu husahau nusu yake ya pili. Wala katika mitaa yenye vigae vya chupa na misumari hakuna wa kumshauri mwenziwe akimbie peku.

Uganda nayo ina mabingwa wake. Stephen Kiprotich alishinda mbio ndefu za Olimpiki mjini London mwaka 2012 kwa saa 2:08:01, medali ya kwanza ya dhahabu kwa nchi hiyo tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, na Jacob Kiplimo akaipatia Uganda dhahabu ya vijana. Vijana wengi hutaka kuvaa wavaavyo mabingwa. Lakini viatu vya misumari vya mbio za nyika havifai hata hatua kumi juu ya lami. Na zile raba za kisasa zenye bamba la kaboni, ambazo shirikisho la riadha la dunia liliziwekea mwaka 2020 kikomo cha milimita 40 za unene wa soli katika mbio za barabarani, zimeundwa kwa ajili ya barabara laini siku ya mashindano. Soli nene na laini namna hiyo, ikikanyaga ukingo wa shimo, humpindua mtu kifundo cha mguu kwa urahisi sana.

Jozi ikishapatikana, masika yana desturi zake. Tope huondolewa likiwa bado bichi, kwa maji baridi na brashi laini. Kiatu hakikaushwi kando ya jiko la makaa wala juani kwenye bati, kwa sababu joto hulegeza gundi na kukaza sponji. Hujazwa magazeti makavu na kuwekwa kivulini penye upepo, nayo magazeti hubadilishwa baada ya saa chache. Gazeti la juma lililopita latosha kabisa kwa kazi hiyo.

Tarehe ya kununua na iandikwe kwa kalamu chini ya ulimi wa kiatu. Anayekimbia kilomita 20 kwa juma hufikisha 600 baada ya majuma 30, yaani jozi ya Machi huanza kuchoka mwezi wa Oktoba. Wakati huo mvua za pili zimeanza, na mbio ndefu za Kampala, ambazo kwa kawaida hufanyika Novemba, zimekaribia. Aliyejiandikisha katika mbio hizo anunue jozi mpya majuma matatu au manne kabla, na siku za mwanzo aivae kwa safari fupi fupi, ili malengelenge yamtoke mapema, si siku yenyewe.