Kiyoyozi cha Gari Kikiwa Rafuni

Gari likishushwa injini kwa ajili ya ovahoo, au likipelekwa kunyooshwa bodi baada ya ajali, vifaa vya AC hung'olewa mapema na kurudishwa mwishoni kabisa. Katikati hapo inaweza kupita miezi ya kusubiri spea. Kompresa inalazwa chini ya meza ya gereji, kondensa inaegemezwa ukutani, mabomba yanatiwa guniani. Siku ya kufunga kila kitu kinarudi mahali pake, gesi inajazwa, na baada ya wiki chache kompresa inaanza kulia. Hapo fundi hulaumiwa, na muuza gesi naye hulaumiwa. Mara nyingi uharibifu ulitokea pale pale chini ya meza, na aliyeufanya ni mvuke wa maji.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba takriban gramu 24 za maji. Hewa hiyo ikiingia kwenye bomba lililoachwa wazi, inakuta vitu viwili vyenye kiu. Cha kwanza ni oili ya PAG, inayotumika katika mifumo mingi ya gesi ya R-134a. Oili hii hunyonya unyevu, tofauti na oili ya madini ya enzi za gesi ya zamani, R-12. Cha pili ni draya, ile chupa yenye punje za kukausha, ambayo kwenye magari mengi ya sasa ni kifuko kilichofichwa ubavuni mwa kondensa. Punje hizo hubeba maji kiasi cha moja ya tano ya uzito wake, kisha zinashiba. Draya iliyolala wazi usiku kucha katika hewa ya pwani siiamini tena.

Maji yaliyoingia hivyo huweza kuganda kwenye tundu jembamba la valvu ya ekspansheni, ubaridi ukawa unakuja na kukatika. Baya zaidi, yakikutana na gesi na oili katika joto la kompresa hutengeneza asidi, na asidi hiyo hula aluminiamu kutoka ndani. Watu hutegemea pampu ya vakyumu iwaokoe. Ni kweli kwamba presha ikishuka vya kutosha maji huchemka hata bila moto na kuvutwa nje, lakini yale yaliyokwisha kushikwa na PAG hayatoki kirahisi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuyazuia yasiingie.

Kabla ya kufungua nati yoyote, gesi ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikimwagika huunguza ngozi na macho kwa baridi. Isitoshe, kwa kipindi cha miaka 100 kila kilo yake huipasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gesi za jamii ya R-134a ndizo mataifa yaliyokutana Kigali, Oktoba 2016, yalikubaliana kuzipunguza.

Kila mdomo unaofunguliwa uzibwe papo hapo, upande wa bomba na upande wa kifaa, kabla spana haijagusa nati inayofuata. Vifuniko vya plastiki au mpira ndivyo bora. Ukivikosa, chukua nailoni nzito, ikunje tabaka mbili, uikaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kitambaa hakifai, kwani hupitisha mvuke na kuacha nyuzi. Mdomo ulioachwa wazi pia ni nyumba tayari kwa nyigu wanaojenga kwa udongo, na udongo wao ndani ya bomba ni balaa. Ukitaka kupuliza mabomba kabla ya kuyaziba, tumia nitrojeni kavu; hewa ya kompresa ya gereji huja na maji yake. Petroli na oili ya injini visiingie ndani ya mfumo huu kamwe.

Kompresa inahitaji uangalizi kuliko vyote. Mimina nje oili iliyomo, ipime, andika kiasi kwenye karatasi uifunge hapo hapo, kisha tia oili mpya ya aina ile ile. Magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana kompresa ya umeme yenye oili yake maalumu. PAG ikiingia humo, kinga ya umeme ndani ya mota hudhoofika. Ihifadhi kompresa ikiwa imekaa kama inavyokaa kwenye injini. Kama ni ya klachi, kila mwezi zungusha kwa mkono sahani ya mbele ili sili ya shafti isikauke. Kuzungusha puli peke yake hakusaidii, maana puli huzunguka bure klachi isiposhika.

Kondensa na evaporeta vioshwe kwa maji baridi vikiwa vimezibwa, vikauke kabisa, visimame wima bila kubebeshwa mzigo, mbali na betri inayochajiwa. Hozi zihifadhiwe katika mkunjo wake wa asili.

Kipimo hicho hicho cha midomo iliyozibwa kitumike unaponunua spea za used kwenye masoko ya vipuri kama Gerezani au Kirinyaga Road: kompresa iliyopangwa nje midomo wazi nisingeinunua hata kwa bei ya kutupwa.

Siku ya kurudisha, weka oringi mpya zilizopakwa oili ya AC. Draya iwe mpya, na ifunguliwe mwisho kabisa. Izungushe kompresa ya klachi kwa mkono mizunguko kadhaa, ili oili iliyojikusanya kwenye silinda zake isiikwamishe pale injini inapowashwa. Kisha vuta vakyumu, funga valvu, uone kama geji inatulia. Gesi ijazwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti.